Kocha Aliyeinua Mkono

Kocha hakujua kukaa. Miaka yote niliyomfahamu, sikumbuki hata mara moja kumwona akimaliza kikombe cha chai kwenye kiti. Akija kwetu Greenbelt, alivua viatu mlangoni, akasalimia kila mtu, akapokea kikombe, kisha akaanza safari: kochi hadi dirishani, dirishani hadi kwenye friji, friji hadi kochi tena, akizungumza huku chai ikidondoka kidogo kidogo kwenye zulia langu.

"Kocha, kaa basi," nilikuwa nikimwambia.

"Nimekaa, Mama Baraka. Ni hii miguu tu ndiyo haijakaa."

Uwanjani ndiyo usiseme. Alitembea pembeni mwa mstari akiufuata mpira, ukienda kulia naye yumo, ukirudi kushoto naye yumo, mpaka refa akawa anamrudisha kwenye eneo lake kama mbuzi aliyeingia shamba la jirani. Siku moja alikuwa akitembea kinyumenyume huku akimpigia kelele beki wake, akajikwaa kwenye ndoo ya maji ya wapinzani, akaanguka chali. Suruali imelowa, miguu iko hewani, naye bado anafoka: "Panua! Panua, mwanangu, waniua!"

Chuo alichofundisha mpira kilikuwa kidogo, upande wetu wa Maryland, huku Marekani. Hata timu ya ule mpira wao wa kubebwa mikononi hakikuwa nayo. Kilikuwa na timu ya soka, na Wamarekani wenyewe hawakuijali sana. Sisi ndio tuliokuwa tunajaza jukwaa, kwa sababu watoto wetu walicheza pale: Baraka wangu, mtoto wa Papa Jeannot, yule dereva wa teksi kutoka Lubumbashi, na wengine wawili watatu. Jumamosi watu walitoka Temple Hills, wengine wakavuka mto kutoka Springfield, na chupa za chai, na vitumbua, na mablanketi, maana baridi ya Oktoba ya huku haina utani. Halafu kocha akawa mtu wa Mombasa. Tungetaka nini tena?

Jina lake alikuwa nalo, lakini halikutumika. Hata mkewe, nilimsikia mara moja kwenye simu: "Kocha, usisahau maziwa."

Kufundisha mpira ilikuwa kazi yake ya jioni na ya mwisho wa wiki. Siku za kawaida alikuwa fundi wa miwani, katika duka moja kule Springfield. Nilikwenda siku fremu yangu ilipokatika mkono, nikamkuta ameinama mezani, bisibisi ndogo kama njiti mkononi, ametulia tuli, hata pumzi husikii. Nilisimama nikimtazama, nikadhani nimekosea duka. Kisha akainua kichwa, akaniona, na miguu ikaanza. Alinizungusha duka zima akinieleza jinsi Baraka anavyochelewa kurudi nyuma akipoteza mpira.

"Aliyeupoteza ndiye mwenye mguu wa kuurudisha," alisema. "Huo ndio mpira, na ndiyo dunia."

Semi za namna hiyo alikuwa nazo nyingi, na nadhani nyingi alizitunga papo hapo. Ukimpa mtu pasi, umempa na lawama. Mpira hauna haya, wewe ndiwe uwe na haya. Mchezaji aliyetoka kufanya kosa kubwa alimshika shingo kwa upole na kumwambia, "Hilo lishakuwa la jana," hata kama bado ni kipindi cha kwanza.

Maelekezo yake aliyatoa kwa Kiswahili. Alidai ni siri ya vita: wapinzani wasijue tunapanga nini. Basi vijana wa El Salvador na yule Mghana mrefu wakajua "panua", "rudi", "tulia", "mtazame huyo", na wakawa wanaitikia vizuri kuliko watoto wetu sisi, ambao walimjibu kwa Kiingereza kama wanavyotujibu nyumbani. Siri ilidumu mpaka tulipocheza na chuo kimoja cha Virginia ambacho kipa wake alikuwa mtoto wa Tanga. Kocha akiita "Kona fupi!", yule kipa anawapanga wenzake kuizuia. Tulipigwa vibaya. Baada ya mchezo Kocha alimfuata yule kijana, akamkumbatia, akamuuliza Tanga ipi, na wakasimama pale wakicheka wakati wachezaji wake wenyewe wanavua njumu wakiwa na huzuni. Mume wangu aliona hilo. Hakulipenda.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Aliwahubiria vijana kuhusu muda hadi ikawa wimbo, na mara moja aliondoka na basi akamwacha mshambuliaji wake bora barabarani kwa kuchelewa. Yeye mwenyewe alichelewa kwenye sherehe ya kumpongeza. Aliwakataza kumkasirikia refa. Halafu siku moja alimwambia refa maneno ya Kimombasa ambayo refa hakuyaelewa ila sauti yake aliielewa, akatolewa nje. Akaumalizia mchezo akiwa amesimama juu ya boneti ya teksi ya Papa Jeannot, upande wa pili wa uzio, akipiga kelele kutoka huko. Sisi akina mama wa kanisani tulipoomba kabla ya mchezo, yeye Mwislamu alikuja akasimama karibu kwa heshima, akasema, "Waombeeni magoti yao. Matokeo mwacheni Mungu ayafanye mwenyewe." Ungedhani hana ushirikina. Lakini mstari mweupe hakuuvuka kwa mguu wa kushoto hata siku moja. Alikuwa akifika anachezesha miguu kama anayetafuta mlango gizani.

Miaka ya kwanza timu ilishinda, na vituko hivyo vyote tulivisimulia kwa kicheko. Iliposhindwa, vituko vile vile vikawa ushahidi.

Sijui iliharibika lini hasa. Tulianza kufungwa kidogo, kisha tukazoea. Mshambuliaji wetu mkubwa alifeli hesabu, na ingawa chuo chenyewe kilisema anaruhusiwa kucheza, Kocha akamweka benchi mpaka afaulu. Tukapoteza mchezo ambao tungeushinda tukiwa tumefumba macho. Hilo wengi walimsamehe. Ambalo hawakumsamehe ni lile la kijana mmoja wa mwaka wa mwisho, mtoto mzuri, mzito, ambaye hakuwahi kugusa mpira katika mchezo wa kweli. Tukiwa tunaongoza bao moja, zimebaki dakika chache, Kocha akamtoa kiungo wake, akamwingiza yule kijana ili naye mama yake amwone amevaa jezi. Mama yake alilia kwa furaha. Tukafungwa mawili.

Njiani kurudi nyumbani mume wangu aliendesha mpaka tukafika kwenye taa za barabarani karibu na kwetu. Hapo akapiga usukani.

"Huyu mtu lazima aondoke."

"Baba Baraka, umemwona yule mama?"

"Nimemwona. Na wale vijana kumi na mmoja waliokimbia saa nzima na nusu, wewe umewaona?" Akakanyaga mafuta. "Ukienda hospitali unataka daktari mwenye roho nzuri au daktari anayejua?"

"Nataka yule atakayekuja nikimwita."

"Haya. Na mtoto wako je? Baraka ni winga. Tangu ana miaka saba ni winga. Huyu amemfanya beki, anaozea huko nyuma."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba, na niliujua. Baraka mwenyewe alikuwa kiti cha nyuma amevaa vidude vyake vya masikioni. Nilipogeuka kumuuliza anaonaje, akatoa kimoja. "It's fine, Mom," akasema, akakirudisha.

Kuanzia hapo hapakuwa na utulivu. Mjadala ulikuwa kwenye simu, kwenye sherehe za watoto, kwenye foleni ya chakula msibani. Makao yake makuu yalikuwa kwa kinyozi, kule Temple Hills, ambako kijana wa Kenya aliyekuwa mwenye duka alinyoa huku akizungusha kiti kumtazama kila anayesema.

"Baba Baraka, mi nakwambia, huyu mzee ame-expire," alisema siku mimi na mume wangu tulipompeleka mdogo wake Baraka kunyolewa. "Tunachapwa kila Saturday mpaka naona aibu kuvaa jezi. Respect nampatia, lakini mpira si respect."

Papa Jeannot alikuwa amekaa kwenye kochi la wanaosubiri, ingawa kichwa chake kilikuwa na upara wa siku nyingi. Alikuja kwa ajili ya kubisha tu. "Mi nasema muache ule muzee. Batoto banamupenda. Hapana kazi ya kufukuza mutu mwenye batoto banamupenda. Ni hayo tu, c'est tout."

"Kupendwa si kufunga magoli, Papa," mume wangu akasema.

"Na weye, unapendwa?"

Watu walicheka, na mume wangu naye akacheka, lakini nilimwona akikunja taulo la kinyozi mara mbili, tatu, bila sababu.

Mume wangu alikuwa mwenyekiti wa kila kitu. Msiba ukitokea, harusi ikikaribia, mgeni akija kutoka nyumbani, yeye ndiye aliyeita kikao na yeye ndiye aliyejua nani aanze kusema. Basi mkutano wa Kocha nao ukawa wake. Uliitwa Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa chini wa jengo alilokuwa akiishi Papa Jeannot. Swali lilikuwa moja: twende chuoni tukaombe kocha mwingine, au tusiende? Watu walijaa. Nilikaa karibu na mlango kwa sababu nilihisi nitahitaji kutoka.

"Ndugu zangu," mume wangu alianza, "hatuna ugomvi na mtu. Tuna ugomvi na matokeo."

Kinyozi akasema yake. Papa Jeannot akasema yake, akarudia, akaombwa akae. Mama mmoja wa Arusha alikuwa anaeleza jinsi mwanawe anavyolala na jezi ya timu, mlango ukafunguliwa, akaingia Kocha.

Hakuna aliyemwalika. Alisema, "Assalaam aleikum," akavuka kizingiti kwa mguu wa kulia, akaenda kusimama nyuma kabisa, mgongo ukutani. Hakudumu ukutani. Akaanza kutembea nyuma ya viti, taratibu, mikono nyuma. Kila aliyepitiwa alinyoosha mgongo. 

Mume wangu angeweza kuahirisha. Wengi wangeahirisha. Yeye akasema, "Kocha, karibu. Tunazungumza habari zako."

"Endeleeni. Nazijua lakini sijazisikia zote."

Na mume wangu akaendelea. Alimwambia yote mbele ya macho yake: kwamba anabadilisha wachezaji kwa huruma, kwamba mpango wake wapinzani wanaujua kama sala, kwamba amembana winga akamfanya beki. Hakupandisha sauti. Nilitaka ardhi ipasuke, na wakati huo huo, Mungu anisamehe, nilimwona mume wangu ni mwanamume. Kocha alisikiliza akitembea. Mara mbili alitikisa kichwa kukubali.

"Wanaotaka twende chuoni," mume wangu akasema mwishoni, "wanyooshe mikono."

Mikono ikapanda, mingi kuliko nilivyotarajia. Halafu watu wa mbele wakaona wenzao wanageuka, nao wakageuka. Nyuma kule, Kocha alikuwa amesimama. Mkono wake ulikuwa juu.

"Muzee!" Papa Jeannot aliruka kwenye kiti. "Shusha mukono!"

Hakuushusha. Mume wangu alimtazama, akatazama sakafu, kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, "Hoja imepita." Kocha akageuka akatoka.

Tuliingia ndani ya gari. Niliona kama nimemshuhudia mtu akijihukumu. Lakini kesho yake simu ikalia, mume wangu akaiweka spika, na sauti ya Kocha ikajaa jikoni.

"Baba Baraka! Mwenyekiti gani wewe? N'nanyoosha mkono kuomba nafasi ya kusema, wanihesabu!"

"Kuomba nafasi? Kocha, nilikuwa nahesabu kura!"

"Na mie n'nataka kusema kabla ya kura!"

"Sasa mbona hukusema?"

"Nasema vipi bila ruhusa? Si mlikuwa na mwenyekiti?"

Basi mjadala wa kwanza ukazaa wa pili. Wako walioapa kwamba Kocha alijipigia kura ya kuondoka, na wako walioapa kwamba aliomba kusema akanyimwa, na pande hizo mbili hazikuzungumza vizuri kwa muda mrefu. Mimi nilimuuliza mwenyewe, siku moja alipokuja kumchukua Baraka kwenda mazoezini: "Kocha, ulitaka kusema nini siku ile?"

Alitembea hadi dirishani na kurudi. "Nimesahau," alisema. "Wallahi nimesahau. Nilikuwa nikisikiliza yale ya kweli."

Mume wangu na kinyozi walikwenda chuoni. Mama aliyekuwa mkuu wa michezo pale aliwapa kahawa, akawauliza ni yupi kati yao aliyesoma pale. Hakuna. Akawashukuru kwa mapenzi yao kwa timu. "Ametusikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua," mume wangu alisema aliporudi. Lakini msimu ulipokwisha, chuo kilitangaza kwamba Kocha hataendelea. Hadi leo sijui kama ni sisi au ni matokeo yenyewe. Siku hiyo mume wangu hakushangilia. Alitoka nje akafagia majani ya mti wa jirani.

Ningependa kusema tuliadhibiwa. Hatukuadhibiwa. Kocha mpya alikuwa kijana wa Kimarekani, mpole, mwenye kompyuta, akamtazama Baraka mazoezini siku chache akamsogeza mbele, kwenye winga. Baraka alifunga mchezo wa kwanza. Akafunga tena. Timu ikashinda, na mimi niliyemtetea Kocha jikoni, barabarani na kitandani, nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Mume wangu alikuwa sahihi kuhusu mpira. Nilimwambia hivyo.

"Kocha mpya yukoje?" nilimuuliza Baraka.

"He's better, Mom," akasema, akaingia kuoga kabla sijauliza jingine.

Juma hilo hilo Kocha alinipigia mimi, si mume wangu. "Nasikia Baraka kawekwa mbele."

"Ndiyo, Kocha."

"Hapo ndipo mahali pake. Mie sikupaona." Nilimsikia akitembea; sakafu yao ilikuwa ya mbao. "Niliogopa wangemuumiza huko mbele, ana miguu myembamba. Mwambie sikupaona."

Baada ya hapo tulikutana naye kwenye misiba na sikukuu tu. Yeye na mume wangu walipeana mikono kama watu wa benki. Baraka alimaliza chuo, akapata kazi Baltimore.

Mara ya mwisho kumwona kwa karibu ilikuwa Jumamosi moja ya majira ya majani kuanguka, asubuhi, tumetoka kunywa chai. Kengele ililia. Kocha alikuwa mlangoni, ndevu zimekuwa nyeupe, amevaa jaketi la timu lenye picha ya kipepeo.

"Baba Baraka yupo?"

Mume wangu alitoka na kandambili. Walitazamana.

"Nina mkutano leo," Kocha alisema. "Springfield, baada ya mechi. Nafundisha wasichana wadogo, wa miaka minane, tisa. Wazazi wanataka kuniondoa."

"Tena?"

"Tena."

"Sasa umekuja kwangu nikufanyie nini?"

"Njoo ukae. Hawa wanaandikiana kwenye kompyuta usiku na mchana, kisha wakiniona wanacheka nami, 'Hi, Coach!' Wewe uliniambia usoni. Nataka awepo mtu mmoja anayejua kusema."

"Kusema upande gani?"

"Njoo kwanza uone mechi. Upande utauchagua huko huko."

Nilidhani mume wangu atakataa. Alisimama pale akikuna kidevu, kisha akaingia ndani, akatoka na koti na kofia. Hakuniaga hata. Nilipochungulia dirishani, walikuwa wameshaanza kubishana kuhusu barabara: mmoja anataka ile ya kuzunguka jiji, mwingine anataka kukata katikati.

Walirudi jioni jua likiwa bado lipo. Mume wangu aliingia peke yake, sauti imekauka.

"Vipi?"

"Wamemtoa."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisimama. Wananitazama, huyu ni nani. Nikawaambia, mimi niliwahi kumtoa mtu huyu, timu ikashinda na mtoto wangu akafunga magoli. Nikawaambia wamwache."

"Wamwache nani? Si wewe uliyesema hawezi?"

"Hawezi," alisema. Akavua kofia, akaiweka mezani, akaichukua tena. "Leo nimemwona kwa macho yangu. Wasichana wote wako mbele, langoni hakuna mtu. Hawezi kabisa, mke wangu." Akafungua kabati la sahani. "Weka chakula cha watu watatu. Yuko nje anaongea na mkewe."

Nilifungua dirisha nimwite kabla wali haujapoa. Kocha alikuwa upande wa pili wa gari, simu sikioni, mkono mwingine ukichora hewani njia aliyopita mpira.

"... katoto kenyewe hakanifiki kiunoni," alikuwa akisema. "Kakainua macho, kakamuona mwenzake kule, kakampa. Bila kuambiwa! Ungeiona pasi hiyo, wallahi, ungeiona..."

Sikumwita. Nilisimama pale na kijiko mkononi nikimsubiri amalize.